Chupa Saba Zisizo na Lebo

2 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na paa la duka halivuji tena. Sisi huku hatujambo. Wifi yako mgongo ulimsumbua mwezi mzima, daktari akamkataza kuinua kitu kizito, basi ndoo zote za nyumba hii nimezirithi mimi. Watoto wanakua kwa fujo. Mkubwa anavaa viatu vyangu bila kuomba, na mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele, akizungumza anapiga miluzi. Tunamwita Kibogoyo na anaitika.

Najua sijaandika siku nyingi. Wifi yako anasema ni miaka minne, mimi nilidhani mitatu. Kazi ya hotelini haina huruma. Ukiingia ghalani asubuhi, ukija kutoka umeshasahau kama kuna jua.

Habari njema ni kwamba mwezi wa sita nimepata likizo ya wiki nzima, na tumekubaliana kuja kwetu vilimani, familia yote. Watoto hawajawahi kuona shina la mzabibu. Kibogoyo anafikiri zabibu zinaota kwenye pakiti.

Tukirudi ningependa tubebe chupa chache za mvinyo mwekundu wa huko, zawadi tu za marafiki. Sitaki zile za dukani zenye lebo za dhahabu. Nataka za majirani, wale wanaotengeneza pipa moja au mawili na kuziba chupa kwa nta bila lebo yoyote. Kama saba hivi. Wewe ndiye unayejua nani mwaka huu kapatia na nani katengeneza siki. Ukiniandikia na maneno mawili matatu kuhusu kila chupa, harufu yake na ladha yake, utakuwa umenifaa sana. Unajua mwenyewe ulivyokuwa unaandika zamani.

Wako mdogo,
anayekukumbuka

29 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe nane. Leo ndiyo nimepata nafasi ya kuijibu. Na mimi kazi yangu haina huruma, ila jua naliona.

Goti halijatulia. Paa nimeliziba mwenyewe kwa bati la debe la mafuta, na sasa linavuja mahali pengine, ambapo nimeweka beseni tukaelewana. Kaburi la baba nimelipalilia wiki iliyopita. Mistari sita ya mizabibu yake bado naihudumia peke yangu, na mwaka huu imezaa vizuri kuliko tunavyostahili. Mpe pole wifi yangu. Mwambie hata akipona ndoo asizichukue.

Njooni. Vyumba vipo, magodoro nitaazima, na nyumba ni ya baba, siwezi kukuwekea kufuli.

Lakini ni zawadi gani hiyo, mdogo wangu, inayotaka maelezo ya harufu? Rafiki akipewa chupa anauliza kizibuo kiko wapi, haulizi kama kuna pilipili manga ndani yake. Baba alituita Pua na Mdomo, mimi pua na wewe mdomo, na tangu utotoni mdomo ukija kuiamkia pua kwa adabu nyingi, kuna kitu unataka. Sema unachotaka.

Halafu, daftari langu halijambo? Lile la jalada la kijani, nililoandika miaka kumi na mitano kila pipa lililofunguliwa vilimani hapa. Uliliazima kwa siku mbili. Huu ni mwaka wa kumi na nane.

Nisisahau. Yule karani mstaafu wa hoteli yenu, mzee mwenye miwani ya kufunga kwa kamba, alipita dukani kwangu na mkewe miaka mitatu iliyopita, wakiwa likizo. Tulizungumza mchana mzima. Ana kumbukumbu nzuri sana yule mzee.

Wasalimie wanangu. Kibogoyo mwambie shangazi yake pia amepungukiwa mawili.

Dada yako

20 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Hapa tu wazima, mgongo wa wifi yako umepata nafuu ila ndoo bado ni zangu. Inaonekana mnawasiliana bila mimi kujua.

Haya, umenishika. Si zawadi. Mwezi wa saba tarehe kumi na mbili Mama mwenye hoteli anafanya karamu kubwa. Anafungua hoteli ya tatu, na anataka mtu mmoja awe mkuu wa ghala zote tatu. Kila mtu anajua mtu huyo ni mimi. Lakini siku hizi amekuwa na maneno. Anasema nimeanza kujirudia, kwamba wageni wa zamani wanayajua maneno yangu kabla sijafungua kinywa. Mwezi jana mgeni mmoja alinimalizia sentensi mbele ya meza nzima. Nilicheka, lakini nilirudi nyumbani sina hamu ya kula.

Sasa Mama ametaka mvinyo mwekundu wa kwetu, chupa saba ambazo hazina lebo, ili asiwepo wa kusoma karatasi. Kila moja nitaieleza mbele ya wageni kabla haijamiminwa, halafu waonje waone kama nimesema kweli. Nikipatia, ghala zote ni zangu. Nikikosea, sijui. Nina watoto wawili na nyumba haijaisha, dada. Nakuomba kwa damu ya baba.

Na yule karani, alistaafu kwa sababu kichwa kilianza kumchezea. Anachanganya watu na miaka. Usimchukulie maneno.

Mdogo wako

11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku tu wazima, beseni limejaa mara mbili wiki hii na jirani yangu mkunga amevunjika kidole cha mguu kwa kupiga teke pipa. Anasema pipa ndilo lililoanza.

Nashukuru kwa ukweli wako, huo kidogo ulioutoa. Nimeupokea kama ulivyo.

Nitakusaidia. Lakini sitakuchagulia ukiwa umekaa kwenye kiti. Mtakapokuja tutazunguka nyumba kwa nyumba, wewe na mimi, tuonje pamoja. Njoo na pua yako. Tutachukua sita za majirani, na ya saba itatoka kwenye mistari ya baba, nayo nitaiweka katikati kama alivyopenda mwenyewe kukaa kwenye picha. Kasha lake la mbao la mashimo saba bado lipo, nimelipaka mafuta. Orodha nitaiandika kwa mkono wangu kwa utaratibu wa ghalani kwa baba, huo tuliolelewa nao. Sidhani kama unahitaji nikukumbushe, maana kila mwaka nasikia watu wakisimulia jinsi ulivyokulia ghalani.

Kuhusu daftari hukunijibu. Kuhusu karani ulinijibu nisichokuuliza.

Dada yako

19 Juni
(Barua hii sikuituma siku hiyo. Niliikunja nikaiweka nyuma ya picha ya baba.)

Mdogo wangu,

Barua isiyotumwa haihitaji salamu, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja.

Mmeondoka asubuhi na nyumba imerudia kimya chake. Kibogoyo ameacha soksi moja chini ya kitanda na kokwa za zabibu kwenye kila sahani niliyo nayo. Huyo mtoto nampenda. Wifi yangu nampenda. Hilo nilitaka liandikwe kwanza, kabla sijafika kwako.

Siku sita nimezunguka na wewe. Kwa mkunga, ambaye mapipa yake yako nyuma ya jiko kati ya mabeseni, ulizungusha glasi ukafumba macho, halafu ukafumbua jicho moja ukanitazama mimi. Nilikuona. Nilipotabasamu ulisema, "Naam, huu una uhai." Kwa mwalimu mstaafu nilikunja pua na wewe ukakunja yako. Basi kwa mfua vyuma nilikujaribu makusudi. Nilifinya uso mbele ya mvinyo ulio bora kuliko yote ya mwaka huu, na wewe ukautema kwenye majivu ya karakana yake, mbele ya mwenyewe, ukasema umeharibika. Mzee wa watu alinitazama, nikamkonyeza. Chupa yake imo kwenye kasha lako.

Huna pua, mdogo wangu. Hukuwahi kuwa nayo. Miaka kumi na minane umekula kwa pua yangu.

Nilikupa siku sita useme. Siku ya tatu tulikuwa wawili tu kule chini ghalani. Ulishika ngazi, ukasema, "Dada, kuna jambo." Niliweka taa chini nikakausha mikono. Ukasema bawaba za mlango zinahitaji mafuta.

Jambo lenyewe nalijua, karani aliniambia lote bila kujua ananiambia mimi. Mwaka ule mnunuzi wa mvinyo wa hoteli alipita hapa, akaonja pamoja nami, akaniahidi barua ya kuniita kazini. Barua ikaja kweli, yenye jina langu. Uliipokea wewe. Ukaazima daftari langu siku mbili, ukapanda gari, ukaenda wewe. Walipokuuliza dada yuko wapi ulisema ameolewa, hana haja ya kazi. Walipouliza mbona mwandiko wa daftari ni wa kike, ulisema wewe ndiye uliyekuwa unaonja na kutamka, na msichana wenu wa kazi alikuwa akikuandikia.

Msichana wenu wa kazi. Nimelibeba neno hilo miaka mitatu.

Unajua nilisubiri barua ile mwaka mzima? Kila tarishi alipopita nilifuta mikono kwenye aproni na kutoka mlangoni. Ulipokuja likizo yako ya kwanza, na suti mpya, ukidai ni ya hoteli nyingine, ulinikuta nikisubiri bado. Ukanishika bega ukasema, "Dada, watu wa mjini waongo, wasahaulifu." Nikalia begani kwako. Uliniachia leso yako na bado ninayo.

Sasa sikiliza nilichofanya. Orodha niliyokuandikia ni kweli tupu, neno kwa neno, kwa wino uleule wa kijani. Sikupunguza na sikuongeza. Kasha nimelipanga na wifi yangu, na wifi nimemwonyesha baba alivyokuwa akihesabu chupa zake. Wewe hukuwepo, ulikuwa barazani ukiwasimulia majirani habari za hoteli. Mtu aliyeandika hata ukurasa mmoja wa lile daftari hawezi kukosea. Mtu anayemsikiliza mkewe hawezi kukosea pia. Nimekuachia milango miwili wazi, na sina deni tena la huruma kwako.

23 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumefika salama. Mkubwa alitapika njiani mara mbili, Kibogoyo mara moja kwa kumwiga kaka yake. Hakuna chupa iliyovunjika. Kasha la baba nimeliweka sebuleni kwenye kivuli, na kila nikipita nalipiga kofi dogo kama farasi.

Sijui nikushukuru vipi. Orodha yako nimeisoma nikasisimka. "Chupa ya kwanza, ya mkunga. Nyepesi, rangi ya waridi lililofifia, inanukia maua na mvua iliyokwisha kunyesha. Mpe mgeni hii kabla hajakaa vizuri." Hivi unayatoa wapi maneno haya? Nimeikariri yote. Sikuinakili hata, naibeba hivyohivyo kwenye mfuko wa koti.

Wifi yako tangu njiani ana maneno yake, eti kasha linasomwa sijui kutoka kulia, sijui baba alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Nikamwambia, mama, mimi nimezaliwa juu ya ghala lile, usinifundishe kazi yangu. Amenuna mpaka leo. Umemjaza nini huyo mwanamke? Mtu akikaa siku sita vilimani tayari ni mtaalamu.

Karamu ni tarehe kumi na mbili. Niombee.

Mdogo wako, mkuu wa ghala mtarajiwa

5 Agosti

Mdogo wangu,

Habari za huko? Wiki tatu na ushee zimepita tangu karamu, na mdomo uliokuwa hauwezi kukaa kimya dakika tatu umenyamaza. Wifi mzima? Watoto wazima? Huku mkunga amepona kidole na amelisamehe pipa.

Nakutumia pamoja na hii barua nyingine, niliyoiandika siku mlipoondoka. Isome ukiwa umekaa.

Mfua vyuma anauliza kama wageni walipenda mvinyo wake ulioharibika.

Dada yako

28 Agosti

Dada,

Shikamoo. Sikuulizi hali, na yangu utaijua sasa hivi.

Barua zako zote mbili nimezisoma. Ya pili niliisomea chooni, mlango umefungwa kwa ndani, kwa sababu sikutaka mtu wa nyumba hii aone uso wangu.

Unataka kujua karamu ilikwendaje, nami nitakwambia yote, ushibe. Meza ndefu ilikuwa na wageni arobaini na wawili. Chupa saba nilizipanga mbele yangu kama zilivyotoka kwenye kasha. Nilivaa suti ya kijivu. Nilianza kushoto, kama binadamu wote wanavyoanza. Nikasema, "Huu ni wa mkunga, ni mwepesi, rangi ya waridi lililofifia." Wahudumu wakamimina. Kikatoka kitu cheusi kama wino wa mhuri. Mgeni wa mbele alionja akashika shavu. Watu walicheka kidogo, kwa adabu, wakidhani nawatania.

Ya pili nikasema inauma mwanzo halafu inatulia, kama mwalimu. Ilikuwa tamu tangu mwanzo hadi mwisho. Ya tatu nayo ikanikataa. Nikaitoa orodha mfukoni, na jasho lilinitoka mpaka likaingia kwenye wino wako. Nilijua kuna kitu, lakini mdomo ulishafunguka, na ningesimama vipi mbele ya watu wote wale niseme sijui kinachoingia puani mwangu?

Ya nne nilipatia. Nilisema ni ya marehemu baba yangu, ina moshi kidogo, udongo wa kiangazi, na mwishoni ladha ya chuma kilicholoa. Walionja, wakapiga makofi. Mama mwenye hoteli mwenyewe alipiga. Dada, wakati ule nilidhani nimeokoka. Nilipandisha sauti nikaendelea, na ya tano, ya sita na ya saba zikanizika. Ya saba, ambayo ulisema ni nyeusi, itafunwe kama nyama, ilimiminwa ikawa nyepesi, unaweza kusomea gazeti ng'ambo yake. Safari hii hawakucheka kwa adabu.

Mama alinyoosha mkono akaiomba orodha. Akaisoma. Halafu akainuka, akaenda kwenye kabati la kioo pale ukumbini, ambalo daftari la kijani limewekwa miaka yote kwa ajili ya wageni kulitazama. Akalifungua, akaviweka viwili pamoja. Wino mmoja na mkono mmoja. Akaniuliza, "Hii orodha ina tarehe ya mwezi wa sita. Yule msichana wenu wa kazi bado yupo?"

Nilifungua mdomo. Naapa sijui nilikuwa nataka kusema nini. Wifi yako akasimama kutoka meza ya nyuma, na ule mgongo wake, akasema, "Hakuna msichana wa kazi, Mama. Huo ni mwandiko wa wifi yangu, na hajaolewa mpaka leo." Kisha akaja mbele, akageuza mpangilio wa chupa, kulia ikawa mwanzo, akawasomea wageni orodha yako upya, moja baada ya nyingine. Zote saba zikakubali. Alisoma vibaya, anakwama kwenye maneno, na walimpigia makofi wamesimama.

Sasa napokea chupa tupu mlango wa nyuma. Nazipanga, nazihesabu, lori linakuja linazichukua. Wenzangu wananiita Waridi. Mkubwa aliniuliza kama nimefanya dhambi. Wifi yako ananipikia na ananisalimia, basi. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa naisikia tu. Ungeniambia pembeni, dada. Ungeniita ghalani ukanichapa kofi nikapiga magoti. Ulikuwa na haki. Lakini mbele ya watu, na watoto wangu? Damu si nzito tena?

Nimeambatanisha barua mbili. Mpya ni ya Mama, ameiandika kwako. Ameniagiza niipeleke posta mimi mwenyewe na nimletee risiti. Nyingine ni ile ya zamani. Sikuichoma. Sijui kwa nini sikuichoma. Miaka yote ilikuwa ndani ya jalada la daftari, chini ya karatasi ya gundi, pale kabatini mbele ya kila mtu.

Siombi msamaha kwa sababu najua hutanipa.

Mdogo wako

9 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti limetulia, ajabu. Paa halivuji.

Tarishi alinikuta dukani na wateja watatu wamepanga foleni. Nilianza na ile ya zamani. Niliisoma nimesimama, mizani mbele yangu, na wateja wakangoja. Wameliandika jina langu vizuri, lote, bila kukosea herufi. Walinitaka nifike siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, na nije na pua yangu. Ndivyo walivyoandika, inaonekana mnunuzi yule alikuwa mtu wa utani. Mteja wa mbele akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia upo, ila ni wa zamani.

Unasema ningekuita pembeni. Mimi nilinyang'anywa pembeni. Wewe uliinuliwa mbele ya watu kwa miaka kumi na minane, kila karamu, kila suti, na daftari langu kwenye kabati la kioo. Ulipopandishwa ndipo uliposhushwa. Watoto wako sikuwaita mimi kwenye karamu ile. Uliwapeleka wewe wakuone ukitawazwa.

Unauliza kama damu si nzito. Ni nzito. Ndiyo maana nilikuandikia kweli. Adui ningemwandikia uongo, angejitetea kwa uongo wangu. Na ya nne nilikupa bure. Ukihesabu kutoka kulia au kutoka kushoto, ya katikati ni ileile. Nilimweka baba hapo ili hata kwa ujinga wako usimkose. Makofi yale yalikuwa yake.

Watu husema kisasi kikikaa sana kinachacha. Inategemea kilivyozibwa. Changu nimekionja juzi, kiko safi kabisa. Nilidhani labda nitakionea uchungu mwishoni, nikangoja uchungu uje, haukuja. Kwa hiyo umekisia sawa, msamaha sina. Nikiupata nitakuletea mwenyewe, sitaupitisha mkononi mwa mtu.

Leso yako nimeifua, nimeifunga humu.

Mama mwenye hoteli ananipa ghala zote tatu, nami nimeshamjibu, barua nimeipeleka posta kwa miguu yangu na tarishi ameigonga mhuri nikiona. Mistari ya baba nimemwachia mkunga. Nakuja. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, nitakuwa mlangoni na aproni yangu. Sitalala kwako, ila siku ya mapumziko nitakuja kula na wifi na wanangu. Kibogoyo ameniahidi jino.

Kabla sijafika, toa daftari langu kabatini, lifute vumbi, uliweke juu ya meza ya ghala. Funguo zote zitundike ukutani kwenye misumari, ule wa ghala kuu kwenye msumari wa kwanza.

Wifi atakuonyesha unaanzia upande gani.

Dada yako